Majivu ya Gesi

Haki ya Mungu, hapa sitii chumvi hata chembe. Kampuni ya umeme ya mji mmoja, iliyoshindwa hata kuwasha taa za soko, ilitangaza kwamba sasa itafua umeme wa jua na wa upepo, tena itauza gesi. Bi Siwema, mpishi wa shughuli, akaahidiwa: pilau ya uzinduzi ikiiva kwa gesi yao, kantini ya wafanyakazi ni yake.

Gesi ikatoa pumzi moja, ikakatika. Bi Siwema akahamishia sufuria kwenye mafiga nyuma ya hema, akapalia makaa juu ya mfuniko.

Baadaye mkurugenzi akaja kukagua, tai imemkaba. "Na haya juu ya mfuniko?"

"Majivu ya gesi, baba."

Akaitikia kwa kichwa kama msomi, akawageukia waandishi wa habari. "Andikeni. Gesi yetu ina majivu machache kuliko ya wengine."

Wakubwa wakapiga makofi. Bi Siwema akapokea funguo za kantini kwa mikono yenye masizi.

"Pilau ya nyama gani?" akaniuliza muuza kahawa wa kijiweni kwetu.

"Mbuzi."

"Jana ulisema kuku."

Kwa sheria ya kijiwe, anayenaswa kwa uongo huwalipia wote kahawa; benchi zima likaninyooshea vikombe. Nikaanza kupapasa mifuko.