Mkaguzi Kutoka Nyakasimbi

Tumwesigye alifika juu ya kilima akihema, mkungu wa ndizi begani, shati lake jeupe la kutokea limeharibika kwa utomvu. Bibi mwenye ndizi zake alikuja nyuma akikimbiakimbia, macho hayabanduki kwenye mkungu.

"Shikamoo tena, mama," Tumwesigye alisema akiutua chini.

"Marahaba, mwanangu. Asante sana. Ila niambie ukweli, unagombea udiwani?"

Ainembabazi, mchumba wake, alicheka mpaka akakaa chini. Walikuwa wametoka kwenda kula chipsi mjini Kayanga, kama kila Jumamosi, na sasa chipsi zilikuwa zimeachwa mbali huko bondeni.

Lakini kijana wa watu angefanyaje? Alikuwa ametuma ujumbe Nyakasimbi, kijijini kwa mchumba wake, kwamba anataka kuoa, na baba yake Ainembabazi akajibu kwa ufupi: utatazamwa kwanza. Shangazi mmoja ameteuliwa. Atakutazama huko huko mjini bila kujitambulisha, na siku ya posa ndipo atakaposema neno lake. Akikataa, basi tena, hata aje padri kuomba.

"Kwani una mashangazi wangapi?" Tumwesigye alimuuliza mchumba wake.

"Saba. Babu alifiwa akaoa tena, we acha tu."

"Sasa huyo aliyeteuliwa ni yupi?"

"Nimekatazwa kusema. Wewe heshimu watu."

Basi akaheshimu, jamani! Hakuna mwanamke mwenye mvi aliyekatiza Kayanga bila kupigiwa shikamoo. Mmoja alinunuliwa soda pale stendi, akaiacha mezani bado inatoa povu, akaondoka mbio akidhani amekutana na tapeli. Mwingine alishikwa mkono akavushwa barabara, kumbe hakutaka kuvuka.

Kero yake ilikuwa moja tu: Joanitha. Huyu alikuwa binti wa miaka ishirini hivi, mdogo hata kuliko Ainembabazi, aliyekuja mjini siku chache baada ya ule mkungu, kujifunza cherehani, na kufikia chumbani kwa mchumba huyo. "Ni wa kwetu," Ainembabazi alimtambulisha hivyo, basi, na tangu siku hiyo wapenzi hawa hawakutoka tena wawili. Wakienda Omurushaka kula nyama choma, Joanitha yupo. Wakipanda bodaboda, yeye ndiye anakaa katikati. Wakitaka picha ya kuweka status, yeye ndiye mpigaji, na kila picha Tumwesigye alitokea bila kichwa.

"Unamdekeza mno," Tumwesigye alilalamika. "Kitanda umempa, wewe unalala chini. Chakula unamtengea yeye kwanza. Mwambie atafute bwana wake!"

"Ndivyo nilivyolelewa," Ainembabazi alijibu, akatazama pembeni.

Tumwesigye akampachika Joanitha jina la Kupe. Alimwita hivyo mbele za watu, na ajabu ni kwamba binti mwenyewe aliitika.

Jumamosi ya mwisho kabla ya posa, Ainembabazi alipokwenda kunawa, Tumwesigye alimsogezea Kupe sahani ya kuku. Maji yalikuwa yamemfika shingoni.

"Wewe ni wa kwao. Nisaidie, dada yangu. Huyo shangazi ni yupi?"

"Ukimjua utafanya nini?"

"Nitammaliza! Vibibi vya kijijini vina kazi gani? Unapiga magoti, unasifia ndizi zake, unamwambia hujawahi kuonja pombe."

"Kwani unakunywa?"

"Kidogo. Simba wakifungwa."

Joanitha alicheka mpaka soda ikamtokea puani. Alipomaliza kujifuta, akamkazia macho. "Na huyu Ainembabazi, unampenda au unataka mtu wa kukupikia tu?"

Tumwesigye alitaka kumjibu kwa utani, utani ukagoma. "Nikimkosa huyu, Joanitha, nitaumia vibaya. Hata kula sijui kama nitakula. Usimwambie."

Joanitha akachukua paja la kuku lililobaki, akalitafuna lote, wala hakusema shangazi ni yupi.

Siku ya posa ikawadia. Huko Nyakasimbi Tumwesigye na wenzake walikaribishwa vizuri, kahawa ya kutafuna ikapitishwa, na mshenga wao, mzee Deodatus, akatoa maneno matamu aliyoyafanyia mazoezi wiki nzima. Mkekani walikuwa wamekaa mashangazi, wote wenye mvi. Tumwesigye aliwachungulia mmoja baada ya mwingine. Mwenye mkungu hayupo. Wa soda hayupo. Hakuna hata mmoja aliyewahi kumwona mjini, na jasho likaanza kumtiririka mgongoni. Kitu kimoja tu kilimfariji: leo angalau Kupe hakuonekana.

"Maneno yenu tumeyasikia," baba yake Ainembabazi alisema. "Lakini mimi leo sina usemi. Tunamngoja aliyetumwa mjini."

Mlango wa ndani ukafunguka. Wale wanawake wenye mvi wakasogea upesi, wakaacha nafasi katikati ya mkeka. Ainembabazi akapiga magoti, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba," Joanitha akajibu. Akakaa, akatengeneza kitenge chake vizuri, kisha akamgeukia Tumwesigye, akangoja.