Kanga ya Kumbebea

Edina alikuwa njiani kuelekea stendi, begi begani, aliposikia anaitwa nyuma. "We mama mtoto! Simama!"

Alikuwa Nasra, muuza dawa wa pale kona. Asubuhi Edina, mtafiti aliyezunguka maduka ya dawa akijifanya mteja, alimweleza kwamba mwanawe anakohoa mpaka kifua kinabonyea, akaomba rangi mbili, zile kapsuli za antibiotiki, bila cheti cha daktari. Kwingine kote walimuuzia bila hata kumtazama usoni. Nasra alikataa katakata: "Mlete nimwone."

Sasa alikuwa amefunga duka, jasho linamtiririka, kanga mkononi.

"Mtaa mzima nimekutafuta! Yuko wapi? Daktari anatusubiri zahanati, nitambeba mimi."

"Dada, hakuna mtoto. Nilikuwa nawapima nyie wauzaji."

Nasra alimkodolea macho. "Hakuna anayeumwa?"

"Hakuna."

"Alhamdulillahi!" Akamchapa kanga ya bega. "Mwongo mkubwa we! Umenikimbiza na kandambili mpaka imekatika!"

Wakacheka, wakaagana.

Utafiti ulichapishwa. Maduka yale mengine yalipelekewa wakaguzi. Edina anafundisha chuoni. Nasra bado anauza dawa pale kona, na kanga ile ameitundika nyuma ya mlango, kwenye msumari mmoja na kufuli la duka, ili siku ya kukimbia tena avichukue pamoja.