Gunia la Punda

Kondoo waliimba kila Jumapili kwamba wao ndio chumvi ya dunia, ilhali chumvi yenyewe waliifungia zizini. Siku moja Punda, mchukuzi wao, alifika na gunia tupu, limetoboka chini.

"Umetumaliza!" alifoka Mzee Kondoo, kiongozi wa zizi, akishika sindano alishone. "Chumvi yote umeimwaga njiani!"

"Nisamehe, mzee. Sikujua."

Mara vumbi likatimka. Nyati, swala na pundamilia, ambao hawakuwahi kukanyaga pale, walikuwa wakija huku wakilamba njia nzima hadi langoni.

"Tumeonja," alisema Nyati. "Mna nafasi humu?"

Mzee Kondoo akaitupa sindano, akalisukuma lango hadi mwisho.

"Punda, mwanangu," akasema, "kesho ongeza tundu la pili."