Picha ya Pili

Kwanza Marhoun alivua pete yake ya fedha, akaiweka dirishani. Kisha akamtandika mdogo wake ngumi ya mdomo.

Wadhah akaanguka juu ya magunia ya mbolea. Chumba cha pampu, katika shamba lao la mitende pale Fanja, kilikuwa na joto la tanuri, na pampu waliiwasha makusudi ili jirani asisikie. Mlangoni alisimama dada yao, Tufool, akipiga picha kwa simu.

"Yaonekana?" Marhoun aliuliza bila kugeuka.

"Mdomo tu. Haitoshi hii, kaka. Watasema mzaha."

"Piga basi," Wadhah alisema, damu ikimchuruzika mpaka kwenye kanzu. "Au mkono wako wa kuchuma tende tu?"

Marhoun akampiga tena, mara hii juu ya nyusi.

Yote haya yaliletwa na picha nyingine. Wadhah alikuwa mhandisi wa kampuni moja ya mitambo ya gesi kule Sur, na kampuni ilimpeleka Ulaya, kwenye makao yake makuu, kwa mafunzo. Ulikuwa mwezi wa Juni. Huko, kila Juni, kampuni hupaka nembo yake rangi za upinde wa mvua, ili wafanyakazi wake wapenzi wa jinsia moja wajue kwamba iko pamoja nao. Tawi la Sur halipaki kitu. Nembo yao ni buluu mwaka mzima.

Mbali na kwao, Wadhah akapumua. Aliwaambia wenzake jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu, nao wakamkumbatia, wakamvisha utepe wa zile rangi, wakampiga picha. Kampuni, kwa furaha yake, ikaitandaza mtandaoni: Wadhah na tabasamu lake, na chini jina lake kamili, mpaka la kabila. Nani huko angejua kwamba jina la kabila si la mtu mmoja?

Mtandao hauna adabu. Picha ilifika kwenye kundi la ukoo kabla ya mwenyewe kufika nyumbani. Mama yao akalazwa. Wadhah alipoulizwa, hakukana. Basi Ami Khalifa, mkubwa wa ukoo, akatuma sauti yake kutoka Dima wa Tayyin: doa hili lazima lioshwe, na Marhoun asipoliosha, ataliosha yeye. Leo, baada ya sala ya Ijumaa, aliingia garini na wanawe. Walichukua ile bunduki wanayochezea ngoma ya razha harusini. Risasi hazikuwa za harusi.

"Wamefika wapi?" Marhoun aliuliza.

"Wanakaribia Bidbid, hawako mbali," Tufool alisema, akichungulia kundi la ukoo. "Yallah, kaka, fanya haraka."

Marhoun akachukua bakora.

Watu husema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Aliyesema hivyo hakukiona chumba kile. Bakora ilianzia mgongoni, kanzu ikachanika. Ikaja mbavuni, ikashuka mapajani. Wadhah alilia, halafu akaacha kulia, akawa anaguna tu. Aliyebaki kulia ni Marhoun. Alilia kwa sauti, makamasi na jasho vikimchanganyikia ndevuni, na kila mkono wake ulipolegea Wadhah aliinua kichwa na kumtazama, mpaka akapiga tena.

"Si machoni!" Tufool alipiga kelele. "Wallahi, kaka, macho usiyaguse!"

Akapiga picha. Akaitazama. Akatikisa kichwa.

"Bado," alisema.

Ilikuwa aibu kuwatazama, watu watatu waliozaliwa tumbo moja. Marhoun alijifuta uso kwa kilemba chake. Aliangalia njia kupitia dirisha. Hakukuwa na gari.

"Nyosha mkono," alisema.

Wadhah akautandaza mkono wa kushoto juu ya ukingo wa birika la saruji la maji. Aliupa kisogo, akaelekeza uso mlangoni, pale ulipowekwa mfuko wa nguo zake, umeshafungwa.

"Sema bismillahi," akanong'ona.

"Bismillahi," Marhoun alisema, akaishusha bakora kwa nguvu zake zote.

Mfupa ulivunjika kama kuti kavu. Ukelele wa Wadhah uliishinda pampu. Tufool akapiga picha, akaituma, kisha akateleza na ukuta mpaka chini, akauma mtandio wake.

Wakangoja. Marhoun aliitupa bakora pembeni, akasimama akiukodolea macho mkono wake mwenyewe, kana kwamba hakuujua ni wa nani. Wadhah alikuwa amejikunja kando ya birika, akitetemeka, midomo ikimwendea kwa dua.

Simu ikalia. Tufool akasoma, akarudia kusoma.

"Kampuni," alisema. "Wanasema vitisho vya ami havikuwa ushahidi wa hatari, lakini hii sasa inatosha. Wamemkatia tiketi ya Ulaya, ndege ya leo." Akamtazama Marhoun. "Na wanamlaani huyo mnyama aliyemfanyia haya."

Wadhah akatambaa mpaka miguuni kwa Marhoun, akautafuta ule mkono uliompiga, akaubusu.

"Nisamehe, kaka," alisema. "Sikuwa na mwingine wa kumuomba."