Picha Zisipotee

Flashi mpya, ingali kwenye karatasi yake ya dukani, Bibi Bernadeta aliisukumia chini ya kitambaa cha meza wakati fundi anavua viatu mlangoni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Pita ndani. Kiti hicho mguu wake mmoja haujatulia, kaa hiki."

Fundi Rogers alikuwa mwanamume wa miaka thelathini hivi, shati limepigwa pasi, manukato yamemtangulia sebuleni. Alikuwa ametoka kibandani kwake Ubungo hadi hapa Kipawa, kwa sababu bibi alimwambia kwenye simu kwamba kompyuta yenyewe haibebeki. Na kweli ilikuwa nzito. Marehemu Babu Gregori aliinunua enzi za ukarani wake, na bibi akaifumia kitambaa cheupe chenye pindo la bluu, isiingie vumbi.

Wiki tatu sasa ilikuwa inaandika kwenye kioo kwamba mfumo wake umepitwa na wakati.

"Nitakupigia window mpya, ile ya kumi na moja," Rogers alisema, akichungulia nyuma ya mashine. "Hii nzee, lakini nitailazimisha. Ila nikipiga tu, vilivyomo vyote vinafutika."

"Hata picha?"

"Hata picha."

Bibi alijishika kifua. "Humo mna picha za mjukuu wangu. Siku aliyobatizwa. Siku alipoota jino la kwanza, kacheka mdomo wazi. Siku mwalimu alipomvisha taji la karatasi, kawa wa kwanza darasa zima. Picha zisipotee, baba. Yule mtoto nimemlea mimi kwa mikono hii."

"Yuko wapi siku hizi?"

"Chuoni hayupo tena. Kwa rafiki zake hayupo. Kanisani hawamwoni." Bibi alitazama sakafu. "Tangu mwezi wa tatu."

"Pole sana, bibi." Rogers aliinamisha kichwa, kama watu wanavyofanya penye msiba. Kisha akauliza, "Una flashi nizihamishie?"

"Sina."

"Basi nazikopi kwenye diski yangu. Nikishapiga window, nakurudishia."

"Na ukishanirudishia, zilizobaki kwako unazifuta?"

"Siku hiyo hiyo. Vitu vya wateja mimi sikai navyo."

"Ahsante, mwanangu."

Ndege ikapita juu ya bati, vikombe vikagongana kabatini. Rogers alisimama, akausukuma mlango wa mbele, akaufunga.

"Kelele," alisema. Halafu, bila kugeuka, "Unaishi peke yako, bibi?"

"Unaniona na nani?"

Akacheka. Macho yake yalitembea polepole: televisheni, friji, cherehani, pochi ya bibi iliyotundikwa msumarini. Bibi aliyaona yanavyotembea. Akamimina chai ya tangawizi, nyingine ikamwagikia kwenye kisosi, akamsogezea na chapati mbili.

"Kula ingali ya moto."

"Namba yangu ulipewa na nani?"

"Na mtu uliyemtengenezea laptop yake. Akaniambia wewe una mkono mwepesi."

"Eeh, wateja wangu hawanisahau."

"Watakusahauje!" bibi alisema, akamwongezea sukari.

Rogers alitoa mkobani diski nyeusi, ndogo kama kipande cha sabuni, akachomeka waya wake. Bibi akavuta kiti hadi wakakaribia kugusana mabega.

"Mbona umenibana hivyo, bibi? Unataka kujifunza ufundi uje uninyang'anye wateja?"

"Nataka nione picha zangu zinavyoingia."

"Kwani haya maandishi unayajua?"

"Kizungu? Thubutu! Mie darasa la saba, baba. Kizungu kilinipita kama treni ya mizigo, nilisikia kishindo tu."

Rogers akacheka hadi chai ikampalia. Hakujisumbua kugeuza kioo.

Yakafunguka mafolda ya njano yaliyokuwa diskini, mstari chini ya mstari. Kila fundi ana mpango wake wa kazi. Rogers kila folda aliiandika jina la mteja, na neno moja la kumkumbushia ni yupi. Bibi alivaa miwani. Alisoma kama alivyofundishwa utotoni, silabi kwa silabi, midomo ikicheza bila sauti. Talha Harusi. Mama Bupe Saluni. Raudha Kiwalani. Kidole chake kilishuka juu ya kioo taratibu, kama mtu anayechagua mawe kwenye mchele. Kikasimama.

"Hapa umeandika Jesca Chuo."

Rogers aliacha kutafuna.

"Mteja tu huyo. Wa zamani."

"Wa zamani, na vitu vyake bado unavyo? Fungua nione."

"Bibi, vitu vya watu havionyeshwi!"

Sauti ilikuwa imebadilika. Mkono wake uliruka kwenye waya wa diski, lakini mkono wa bibi ulikuwa umeshatangulia, mkavu, mgumu kama mchi, umeifumbata diski yenyewe. Rogers alisimama. Kiti kikaanguka nyuma yake. Alikuwa mrefu kumpita bibi kwa kichwa na shingo, na mlango alikuwa ameufunga mwenyewe.

"Niachie hiyo diski, bibi. Nasema kwa mara ya mwisho."

Bibi Bernadeta hakumtazama. Aligeuza uso upande wa chumbani, akasema kwa upole ule ule aliomkaribishia chai:

"Afande Zuena, njoo, jina lipo. Na wewe Jesca, mjukuu wangu, toka umtazame: ndiye huyu aliyezitawanya picha zako za siri mtandaoni?"