Ulimi wa Serikali

Kila jiko lilikuwa na ulimi wa serikali ukutani, wa mpira, mwekundu, wenye joto la homa. Chungu hakikupakuliwa mpaka ukilambe, upime chumvi na mafuta. Bi Mize aliwahi kuwa na mama mkwe mpekuzi, Mungu amrehemu, lakini hata yule alionja kwa kijiko.

Siku moja kinyaa kilimzidi. Akaingiza seredani ya makaa chumbani, akafunga mlango, akapika pweza wa nazi kwa chumvi ya mkono wake. Akamwita mumewe, Makame.

"Kula, bwana. Leo hatujalambiwa."

Makame akatia tonge, akalisukuma shavuni kama mtoto aliyepewa kwinini.

"Mbona mkavu huyu?"

"Mkavu, na tui lote hilo?"

"Hana ule utelezi wake."

"Ule ni mate, Makame."

"Mate ya serikali, bibi wee, si ya mpita njia. Na chumvi ikizidi, nani atatwambia?"

"Mdomo wako."

Makame akacheka kwa huruma, akabeba bakuli kwenda jikoni. Bi Mize akasikia mlambo mrefu, wa majimaji, halafu mwingine. Mumewe akarudi uso umemkunjuka, na juu ya tui kuna uteute unaong'aa.

"Ulimi umesema chumvi iko sawasawa," akasema.

Akamchagulia mkewe kipande laini kuliko vyote, akamsogezea mdomoni kwa mapenzi, akangoja afumbue.