Sauti Ikigonga, Inarudi

Kila jioni mkwe alijifunga kitambaa mdomoni, akaishusha sauti hadi kifuani, akawa mume wake.

Alisemea jikoni, kwenye redio ndogo ya mkononi aliyoichomoa antena ili asikike kwa shida. Redio kubwa ya upepo, ile ya kuitana na mnarani, ilikuwa chumbani, kando ya kitanda cha mama mkwe, ambaye macho yalishazimika. Ikianza kukwaruza, mama alicheka.

"Mwanangu na mafua yake! Huko mnarani kwenu hakuna hata limau?"

Mwana alikuwa mlinzi wa mnara wa mawasiliano, juu mlimani. Aliteleza akaanguka, wakamzika hukohuko. Mama hakuambiwa. Daktari alishasema moyo wake ni uzi, kwa habari moja nzito ungekatika. Basi mkwe akaubeba msiba peke yake, kwa zamu: mchana mjane, jioni mume.

Leo alirudi kutoka dukani akakuta miguu ya mtu inaning'inia kwenye paa lao.

"We! Nani kakupandisha huko?"

"Mama mwenyewe, shemeji. Alimtuma jirani aniite." Fundi alishuka, akajipangusa vumbi. "Anasema kachoka kumsikia mwanawe kama mtu aliye shimoni."

"Ni umbali tu huo."

"Umbali wapi! Waya na antena yenu havilingani. Ukiunga bomba nene na mrija wa soda, maji yatapita wapi? Sauti haikosi kuja, shemeji. Inafika kila siku, inagonga hapa, inarudishwa ilikotoka." Alimwonyesha kikoili kidogo cha waya uliozungushwa alichokifunga pale waya unapokutana na antena. "Huyu ndiye mshenga wao. Kawapatanisha. Sasa kitakachokuja, kitaingia."

Akaenda zake akipiga mluzi.

Mkwe alibaki amesimama uani na mfuko wake wa sukari. Sauti ikiwa safi, kitambaa kitaficha nini? Mama angemjua kwa neno la kwanza, na ule uzi je?

Saa yao ilipofika, aliitoa betri kwenye redio ndogo. Bora kimya. Kesho angesingizia mvua, angesingizia chochote. Akajibanza nyuma ya mlango wa jikoni, betri ameikaza kiganjani mpaka pembe zake zikamuuma.

Chumbani, redio kubwa ikalia *tap*.

"Bi Mkubwa, unanipata?"

"Nakupata!" Mama alipiga makofi kama mtoto. "Jamani, leo umepona kabisa! Nimwite mkeo? Yupo jikoni."

"Najua," sauti ikasema, safi, haina hata mkwaruzo. "Mwambie aiweke chini hiyo betri."